Muhuri Kwenye Debe la Unga

Muhuri wa chama uko kwangu, Pasua,
ndani ya debe la unga wa ndizi,
nimeufunga kwa leso ya marehemu mama.
Tangu Jumatano sijapika uji.

Mwenyekiti Kanankira amepiga simu mara tisa.
Makamu wake, Bi. Elirehema, hakupiga:
alimtuma dereva na kilo mbili za nyama,
dereva akasimama mlangoni, kofia mkononi,
mama anakusalimu, Ndeanka,
anaulizia vile vitu vya ofisi.

Oktoba tulishindwa.
Sisemi kura hazikutosha, sisemi tumepata funzo,
hayo ni maneno ya taarifa kwa vyombo vya habari,
nami ndiye niliyeichapa.
Tulishindwa kata zote isipokuwa moja,
na diwani wa hiyo moja alihama kabla ya Krismasi,
akarudisha kadi,
pikipiki hakurudisha.

Sasa tuna wenyeviti wawili.
Mmoja kachaguliwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa Kiboriloni,
mwingine Jumamosi jioni, nyuma ya baa, Majengo,
kila mmoja kwa akidi iliyotimia,
kila mmoja kwa katiba ileile,
ibara ya arobaini na moja, kifungu kidogo cha tatu,
na viti vilevile vya plastiki.
Mwenye viti alivihamisha kwa toyo, akalipwa mara mbili.
Huyo, mwenye viti,
ndiye pekee wa kwetu aliyeshinda mwaka huu.

Kiboriloni walihesabu kwa sauti, wakigonga meza,
hadi mia moja na nne.
Mia moja na nne!
Kata nzima ilitupa tisini.

Mwalimu Ndetaulwa alikuja na jani la isale,
akaliweka mezani katikati yao, akanyamaza,
kama tulivyofundishwa kwamba jani likishafika
mtu hakatai.
Kanankira akauliza, limeletwa kwa niaba ya nani?
Elirehema akauliza, mbona ncha imeelekezwa kwangu,
kwani mkosaji ni mimi?
Dakika arobaini. Niliziandika kwenye muhtasari.
Asubuhi nilipofungua ofisi ili nifagie
nikalikuta limekunjwa mara nne
chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Meza imetulia, sikatai.

Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu.
Mchapaji wa fulana alishusha bendera mwenyewe,
akaiviringisha kwapani, akasema dhamana.
Fulana zenyewe ziko stendi,
zinafutia vioo vya mabasi,
uso wa Kanankira juu chini, juu chini,
na povu.

Lakini usiku, kinachoninyima usingizi si muhuri.
Ni ile karatasi
iliyobandikwa mlangoni, darasa la pili B, kituo changu.
Kura zetu: tatu.

Ya kwanza yangu.
Mume wangu hayumo, aliniambia mwenyewe
huku akimenya ndizi, wala hakuinua macho.
Ya pili ya Kirumbuyo kinyozi,
aliniapia kwa kaburi la baba yake, namwamini.

Ya tatu ya nani?

Nawatazama watu bombani.
Namtazama muuza mkaa, na yule dada wa sauti ya pili
kwaya ya Jumapili, anayenisalimu kwa nyusi.
Nani kati yao aliamka gizani, akapanga foleni
nyuma ya watu mia wanaotucheka,
akaingia kwenye kile kiboksi cha karatasi,
akaweka alama yake kwenye mzinga wetu wa nyuki,
akaenda zake kazini na wino kidoleni,
asimwambie mtu?
Kiboriloni hawakumtaja. Majengo hawakumtaja.
Hayumo katika muhtasari wowote,
na mihtasari yote naandika mimi.

Kama ni wewe, pita nyumbani.
Mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Usilete nyama.
Nitautoa muhuri, niukung'ute, niuweke dirishani,
nikoroge uji,
nawe utaniambia, ukipenda, ulikuwa unatazamia nini.